Caen ilitakiwa ichukuliwe siku ya kwanza, ikaja kuchukuliwa baada ya mwezi. Nani alizembea Normandy?

Mzee wa Ramani #1
Wakuu salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani, tulijadili bila matusi.

Tarehe 6 Juni 1944 Waingereza, Wamarekani na Wakanada wanashuka pwani ya Normandy, Ufaransa, iliyokuwa mikononi mwa Mjerumani, watu kama 156,000 ukijumlisha na wale wa miavuli. Fukwe tano, kutoka magharibi kwenda mashariki: Utah, Omaha, Gold, Juno, Sword. Kwenye mpango wa Montgomery, ambaye ndiye alikuwa na majeshi yote ya nchi kavu, mji wa Caen ulitakiwa uwe mkononi siku hiyohiyo. Kutoka Sword mpaka Caen ni kama kilomita 15, mtu akitoka asubuhi kwa miguu mchana amefika. Matokeo yake kaskazini ya mji wameipata tarehe 9 Julai, na kusini, ng'ambo ya mto Orne, mpaka Operesheni Goodwood iliyoanza 18 Julai.

Msimamo wangu nauweka wazi: siku zilizoamua ni tarehe 6, 7 na 8 Juni, na makamanda wa Kiingereza ndio waliozipoteza. Mwenye hoja tofauti aje na tarehe na majina ya sehemu, hizi "nilisikia" sizitaki.

Kidevu cha Simba #2
Natandika mkeka hapa. Nitarudi jioni mkishapasuana.

Fundi Dizeli #3
Mleta mada unawaonea wale jamaa. Mimi kazi yangu malori, mizigo naijua. Jeshi ni mafuta, risasi, vifaru, magari ya wagonjwa, na vyote hivyo pale Sword vilipita kwenye njia chache tu za kutokea ufukweni ambazo ilibidi kwanza zisafishwe mabomu ya kutegwa ardhini. Brigedi ya 185 ndiyo ilipewa kazi ya Caen, askari wa miguu walipangiwa kupanda juu ya vifaru vya Staffordshire Yeomanry ili waende chapchap, sasa vifaru vikakwama pwani kwenye foleni kama ya Tunduma huku mizinga ya Mjerumani inadondoka katikati yao. Wale wa miguu, kikosi cha KSLI, wakachoka kusubiri wakaanza kutembea wenyewe. Wewe ulitaka wakachukue mji mzima bila vifaru?

Mwana wa Pangani #4
Fundi umesema kweli ila hujasema foleni ilitoka wapi. Ilitoka baharini.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 mwezi ulikuwa mpevu, na aliyezaliwa pwani hahitaji kuambiwa, mwezi mpevu ni bamvua. Mwezi waliutaka kwa ajili ya marubani na watu wa miavuli. Na walitaka kushuka maji yakiwa bado chini ndiyo yanaanza kujaa, ili vile vyuma na magogo aliyopanda Rommel, jenerali wa Mjerumani, ufukweni yaonekane kabla mashua hazijapasuka. Sasa bamvua ya kule inapanda zaidi ya mita 6, siyo hii yetu. Siku ile upepo wa kaskazini magharibi ukayasukuma maji yakaja juu kuliko walivyopiga hesabu, ufukwe wa Sword ukabaki ukanda mwembamba, magari yanaendelea kushushwa na pa kuyaweka hapapo.

Halafu kuna jambo linanisisimua mpaka leo. Eisenhower, kamanda mkuu wa washirika, alishaahirisha mara moja kwa hali ya hewa, ilikuwa iwe tarehe 5. Angeahirisha tena, maji ya kufaa yalikuwa yanarudi tarehe 18 mpaka 20 Juni. Na tarehe 19 Juni ikapiga dhoruba ya siku nne. Hebu fikirieni hilo.

Nyuki wa Tabora #5
Mnalaumu upande mmoja tu. Mjerumani naye alilala, na hapa nasema kulala kweli. Hitler alikuwa kitandani asubuhi ile na hakuna aliyethubutu kumwamsha, divisheni mbili za vifaru vya akiba, ya 12 ya SS (jeshi la chama cha Hitler) na Panzer Lehr, zilikuwa haziwezi kuguswa bila ruhusa ya juu, ruhusa ikaja mchana umeshaenda. Rommel mwenyewe hayupo, yuko Ujerumani kwenye bethidei ya mke wake. Siku ile watu elfu kumi walikufa na ingekuwa mara tatu yake kama Mjerumani angeamka mapema.

Binti wa Ujiji #6
@Nyuki wa Tabora hapo kwenye elfu kumi hapana. Elfu kumi ni waliokufa, waliojeruhiwa, waliopotea na waliotekwa, wote kwa pamoja upande wa washirika. Waliothibitika kufa jina kwa jina ni 4,414. Hizi namba zinachanganywa kila mwaka ikifika Juni, na kila moja pale ni mtoto wa mtu, tuziandike sawasawa.

Ya Rommel ni kweli, ila weka na hili: watabiri wake wa hali ya hewa walimwambia bahari haipitiki siku zile. Hakuondoka kwa uzembe, na alitaka pia aende kwa Hitler akaombe vifaru zaidi.

Mzee wa Ramani #7
Asanteni wakuu. Sasa nawajibu #3 na #4 pamoja. Foleni nakubali ilikuwepo, bamvua nakubali. Lakini tazameni ramani. Karibu na kijiji cha Colleville kulikuwa na ngome ya mahandaki ya zege waliyoipa jina la Hillman. Kikosi cha Suffolk kilihangaika nayo mpaka kama saa mbili usiku. Siku nzima inaishia kwenye ngome moja, na vikosi vingine vinazunguka au vinasubiri.

Pamoja na hayo, jioni ile KSLI walifika ukingoni mwa msitu wa Lebisey. Kutoka hapo Caen ni kama kilomita 4 au 5! Wakarudishwa nyuma. Lebisey ileile ilikuja kuchukuliwa tarehe 8 Julai na brigedi ileile. Mwezi mzima, kwa sababu usiku wa tarehe 6 hakuna aliyesema "nendeni". Vikosi viliamriwa vichimbe mahandaki vijilinde. Wale watu walikuwa wamefundishwa miezi na miezi jinsi ya kushuka pwani, mambo ya siku ya pili hawakuyafundishwa vizuri.

Kibarua Nakuru #8
Nimesoma mpaka hapa bana na hakuna mtu ametaja 21 Panzer, hii ni maajabu. Hiyo ndiyo divisheni pekee ya vifaru ilikuwa karibu na Caen siku hiyo. Kwanza ikatumwa mashariki ya Orne kupigana na wale wa miavuli wa divisheni ya 6 ya Uingereza, ikageuzwa njiani irudi magharibi, masaa yakapotea. Jioni ikashambulia kwenye ule mwanya kati ya Juno na Sword. Vifaru vyao vikapigwa vibaya karibu na Périers na Biéville, lakini askari wao wengine wakapenya mpaka baharini pale Lion-sur-Mer. Baharini kabisa! Halafu wakaona juu zinapita ndege zaidi ya mia mbili zisizo na injini zikivutwa na nyingine, wakadhani watakatwa nyuma, wakarudi.

So hiyo amri ya kuchimba mahandaki haikuwa ujinga. Ungekuwa wewe kamanda na vifaru vya adui viko kati yako na jirani yako, ungesema "nendeni mjini"?

Fundi Dizeli #9
Nakuru nakupa soda. Mzee wa Ramani jibu hilo, au ramani yako haina 21 Panzer?

Mzee wa Ramani #10
Inayo. Na inaonyesha walivyokula kichapo jioni ileile. Adui akishapigwa ndiyo unamfuata, humwachi akalale.

Msafiri Kaskazini #11
Habari zenu. Mimi nimesoma hapa Caen na bado naishi mkoa huuhuu, naona mnazungumzia mji kama kidole kwenye ramani, ngoja niwape upande wa wenyeji.

Caen ilianza kupigwa mabomu kutoka angani mchana wa tarehe 6 yenyewe ili kuziba barabara Wajerumani wasipite. Waliokuwa mitaani ni raia. Maelfu walikimbilia kanisa kubwa la Abbaye-aux-Hommes alikozikwa William Mshindi, wengine kwenye machimbo ya mawe ya Fleury kusini ya mji, wakakaa humo gizani wiki kadhaa na watoto na wagonjwa. Kule kanisani walitandaza mashuka yenye alama ya msalaba mwekundu ili ndege zisipapige, na palinusurika. Halafu jioni ya tarehe 7 Julai zikaja ndege kubwa za Uingereza kama 450, zikamwaga zaidi ya tani 2,000. Chuo kikuu cha tangu mwaka 1432 kiliteketea. Na vifusi vilivyojaa barabarani ndivyo vilivyowazuia vifaru vya Waingereza wenyewe wasipite kesho yake.

Normandy nzima raia karibu 20,000 walikufa kiangazi kile. Wazee wa hapa wanashukuru kukombolewa, wanasema kwa dhati, na palepale wanakuonyesha ukuta wa nyumba ambayo familia nzima iliishia. Kwa hiyo huo mwezi mmoja mnaobishania nani alizembea, hapa kuna watu waliulipia.

Kidevu cha Simba #12
Dah. Hili la machimbo ya mawe sikuwahi kulisikia popote. Shukrani mkuu #11.

Baba Wawili Toronto #13
Naishi Kanada, niwasemee wenyeji wangu maana naona Juno inapitwapitwa tu. Siku ya kwanza Wakanada ndio waliingia ndani sana kuliko wengi, kuna vifaru vyao vichache vilifika kwenye reli ya Caen kwenda Bayeux vikarudi kwa sababu vilikuwa peke yao. Tarehe 7 Juni brigedi ya 9 ikaelekea uwanja wa ndege wa Carpiquet, ikapita Buron, ikaingia Authie, na hapo ikakutana na divisheni ya 12 ya SS iliyokuwa ndiyo inafika. Askari wengi wa hiyo divisheni walikuwa vijana wa miaka 17, 18, waliolelewa kwenye umoja wa vijana wa Hitler. Wakanada wakarudishwa nyuma, na mizinga yao ilikuwa mbali haiwafikii kuwasaidia.

Halafu mateka. Siku zile za mwanzo mateka wa Kikanada hadi 156 waliuawa baada ya kujisalimisha, wengine kwenye bustani ya Abbaye d'Ardenne ambako Kurt Meyer aliweka makao yake. Alihukumiwa kifo Desemba 1945, hukumu ikapunguzwa, na mwaka 1954 akatoka. Mimi hilo la 1954 haliniingii akilini hata leo.

Kwa hiyo mleta mada, tarehe 7 haikupotezwa na uzembe. Ilichukuliwa na 12 SS.

Nyuki wa Tabora #14
Mimi nakuja na hoja nyingine kabisa: Caen haikuchelewa. Montgomery mwenyewe alisema mpango ulikuwa kuvuta vifaru vya Mjerumani upande wa Waingereza ili Wamarekani wapasue magharibi. Na ndivyo ilivyokuwa, divisheni nyingi za vifaru zikajazana Caen, tarehe 25 Julai Wamarekani wakapasua na Operesheni Cobra, Agosti Paris ikakombolewa. Mnalilia nini?

Binti wa Ujiji #15
Ndugu yangu Nyuki hiyo ni nusu ya habari. Kuvuta vifaru mashariki kulikuwa kwenye mpango kweli, sikatai. Lakini avivute akiwa tayari ameishika Caen na ile nchi tambarare ya kusini yake inayofaa viwanja vya ndege. Hiyo ndiyo aliyowaeleza makamanda pale shule ya St Paul's, London, kabla ya uvamizi. Baada ya vita akaanza kusema kila kitu kilikwenda kama alivyopanga, na hapo ndipo watu wa jeshi la anga na Wamarekani walipokasirika naye. Mpango ulifanikiwa mwishoni kwa njia ambayo hakuipanga. Na ona tarehe 13 Juni kule Villers-Bocage, divisheni ya 7 ya vifaru, wale wakongwe wa jangwani, wanazunguka kuiingia Caen kwa nyuma, wanakutana na vifaru vichache vya Tiger na Michael Wittmann, wanakatwakatwa, kesho yake wanaondolewa. Hapo palikuwa na mwanya, na haukujazwa watu wa kutosha. Hakuna aliyepanga hivyo.

Kidevu cha Simba #16
Nimerudi. Mbona upande wa Wamarekani mmeuacha? Wale walikuwa na kasi, tarehe 18 Juni wameshachukua bandari ya Cherbourg.

Mwana wa Pangani #17
@Kidevu cha Simba tarehe 18 walifika Barneville, pwani ya magharibi, yaani waliikata rasi ya Cotentin katikati. Cherbourg jenerali von Schlieben alijisalimisha tarehe 26, mji ukatulia kesho yake na kuendelea. Na bandari waliikuta Mjerumani ameivunjavunja, amezamisha meli mlangoni, ametega mabomu kila gati. Meli za mizigo zilianza kuingia katikati ya Julai na bado kidogokidogo.

Na hiyo kasi usiizidishe. Carentan tu, ambao ndio mji wa kuunganisha Utah na Omaha, uliwachukua watu wa miavuli wa divisheni ya 101 mpaka tarehe 12, kwa sababu njia ilikuwa moja, barabara ya juu ya tuta, kushoto maji kulia maji, Mjerumani alikuwa amefurisha mashamba. Kesho yake divisheni ya 17 ya SS wakarudi kuutaka mji, nusura waupate, vifaru vya divisheni ya 2 ya Marekani vikawahi.

Kibarua Nakuru #18
Na ile michongoma! Watu hawaielewi hii kitu. Mashamba ya huko ni madogo madogo, kila shamba limezungushiwa tuta la udongo na juu yake miti na miiba ya miaka mia kadhaa, mizizi imeshikana kabisa. Kifaru kikipanda juu ya tuta kinaonyesha tumbo, na tumboni chuma ni nyembamba. Bunduki moja ya rashasha kwenye kona ya shamba inasimamisha kampuni nzima. Wamarekani walitoka Juni yote wakihesabu shamba kwa shamba, mpaka sajini Curtis Culin akatengeneza meno ya chuma ya kufunga mbele ya kifaru, chuma chenyewe kikatoka kwenye vile vizuizi vya Rommel vya ufukweni. Hapo ndio wakaanza kupita katikati ya tuta.

Fundi Dizeli #19
Sasa tumerudi kwenye kazi yangu. Mpaka tarehe 11 Juni walikuwa wameshusha watu kama 326,000, magari zaidi ya 54,000 na mizigo tani zaidi ya 104,000. Bila bandari! Walikuja na bandari zao za kubebeka, Mulberry, moja Omaha moja Arromanches, makasha ya zege yaliyovutwa kuvuka bahari. Ile dhoruba aliyoitaja #4 ikaisambaratisha ya Omaha, ikabaki ya Arromanches. Na Wamarekani wakaendelea kushusha mizigo mchangani tu, meli inapanda ufukweni maji yakipwa inapakuliwa, maji yakijaa inaondoka, na tani zikawa nyingi kuliko watu walivyotegemea.

Siku nne za dhoruba ndizo zilizoipa Caen muda. Shambulio la Epsom lilichelewa mpaka tarehe 26 Juni, na wakati huo divisheni za 9 na 10 za SS zilikuwa zinawasili kutoka mashariki. Mzee wa Ramani, usiangalie siku tatu, angalia tarehe 19 mpaka 22 Juni.

Mwalimu wa Lindi #20
Na kwa nini Hitler hakuleta jeshi lake la 15 lililokaa Pas-de-Calais? Kwa sababu aliamini Patton, jenerali wa Marekani, anakuja huko na jeshi ambalo halikuwepo, mahema na vifaru vya bandia, na jasusi wa Kihispania Juan Pujol akampa taarifa za uongo kwa wiki kadhaa. Nyuma huko wapiganaji wa Kifaransa wanang'oa reli, divisheni ya Das Reich iliyotoka kusini ikachelewa sana, ikajilipiza kwa raia, tarehe 10 Juni waliua watu zaidi ya 640 pale Oradour-sur-Glane. Na tarehe 22 Juni Warusi wakaanza shambulio lao kubwa la Bagration kule Belarus. Mimi naona hao wote mkiwatoa, Caen isingechukuliwa hata Agosti.

Binti wa Ujiji #21
Mwalimu umegusa Warusi, ngoja nitoke nje ya mada kidogo. Siku hizohizo za Juni 1944 babu yangu alikuwa Keya (jeshi la King's African Rifles), baadaye akaenda Bama (Burma) na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Wao ndio waliowafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw mvua za masika za kule zinanyesha, tope na malaria, Desemba wakaingia Kalewa. Alikuwa anasema tope tu, vita hakuielezea. Normandy kila mtu anaijua, bonde la Kabaw wajukuu wenyewe hawalijui.

Kibarua Nakuru #22
Pole na hongera kwa babu. Huku Nairobi tuko na soko la Burma, jina lilitoka kwa hao askari waliorudi, na watu wananunua nyama hapo kila siku bila kujua.

Mwana wa Pangani #23
Na kama mnataka kuvamia pwani halafu kusonga mbele, Keya walifanya pia, siyo Normandy. Madagascar 1942. Waingereza walishuka Diego Suarez tarehe 5 Mei, halafu Septemba brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ikashukia Majunga, ikatembea na barabara kila daraja limevunjwa, kila kona magogo yamelazwa, tarehe 23 Septemba iko Antananarivo. Hapo ndipo uone kusonga mbele.

Msafiri Kaskazini #24
Binti wa Ujiji, kama kuna ndugu wa familia hakurudi, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina, unatafuta bure mtandaoni. Waliokufa Bama wasio na kaburi wako kwenye mnara wa Rangoon, na waliozama na meli ya Khedive Ismail tarehe 12 Februari 1944 wakitoka Mombasa, wengi wao watu wa mizinga wa Afrika Mashariki, wako kwenye mnara wa makaburi ya vita Nairobi.

Binti wa Ujiji #25
Asante sana. Kuna kaka yake babu, leo usiku natafuta.

Mzee wa Ramani #26
Mwana wa Pangani, Madagascar ifungulie uzi wake, nitakuja na ramani, Majunga mpaka Antananarivo siku 13 ni jambo la kujadiliwa lenyewe.

Kwa Caen bado sijashawishika. Dhoruba ni tarehe 19, Das Reich ni baada ya wiki, michongoma iko magharibi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwepo Lebisey saa tatu usiku tarehe 6. Aliyekuwepo ni 21 Panzer aliyepigwa, na 12 SS bado yuko barabarani. Baba Wawili Toronto, nieleze hili: kwa nini tarehe 7 brigedi ya 9 ya Kanada iliachwa iende Authie peke yake, na Waingereza waliokuwa kushoto kwake walikuwa wapi?

Baba Wawili Toronto #27
Walikuwa wanapigana Lebisey na Cambes siku hiyohiyo mkuu. Na walishindwa zote mbili. Kesho nikitoka kazini nakuja na masaa, kikosi kwa kikosi.